Ujira wa Mtoto Mdogo na Hukumu Yake katika Sharia

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, Mola aliyeamrisha uadilifu na kuiharimisha dhulma baina ya waja Wake. Sala na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, aliyekulia katika uyatima na akachunga mbuzi wa watu kwa ujira, na ziwashukie Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baad:

Katika madeni yote ayachukuayo mtu shingoni mwake, lililo jepesi kusahauliwa ni deni la mtu asiyejua kudai. Tajiri akikopesha huandika. Fundi asipolipwa husimama mlangoni. Mchukuzi akipunjwa hupiga kelele sokoni hata watu wakakusanyika. Ama mtoto mdogo, akitumwa huenda, akichoka hulala, akipewa kitu hupokea kwa mikono miwili na kushukuru, na asipopewa hunyamaza. Kunyamaza huku ndiko kulikowaghuri watu wengi katika pwani hii, wakadhani kwamba mtoto hana haki, au kwamba anayo lakini ameisamehe. Makusudio ya karatasi hizi ni kubainisha kwamba ujira wa mtoto ni haki thabiti katika Sharia. Kwamba yeye mwenyewe hawezi kuisamehe, wala mlezi wake hana ruhusa ya kuisamehe kwa niaba yake, wala aliyemtumikisha hatoki katika deni hilo ila kwa kulipa.

KAZI YA MTOTO KATIKA SUNNA

Haikusemwa kwamba kila kazi ya mtoto ni haramu. Mtoto hufunzwa kazi kama afunzwavyo sala, kidogo kidogo, kwa kadiri ya nguvu zake. Bwana Mtume (s.a.w.) ameeleza, katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, kwamba hapana Nabii aliyetumwa ila alipata kuchunga mbuzi, na kwamba yeye mwenyewe aliwachungia watu wa Makka kwa qirati kadha. Bukhari ameitia hadithi hiyo katika Kitabu cha Ijara, yaani mlango wa kuajiri na kuajiriwa, wala hakuitia katika milango ya sadaka. Maana yake ni dhahiri: kazi ile ilikuwa na malipo, na malipo yale hayakuwa aibu kwa mbora wa viumbe.

Anas bin Malik (r.a.) alikuwa mtoto wa miaka 10 hivi Bwana Mtume alipohamia Madina, naye akamtumikia miaka 10. Amesimulia mwenyewe kwamba katika muda wote huo hakupata kuambiwa hata neno la kuchukizwa, wala hakuulizwa kwa nini amefanya hili, wala kwa nini hakufanya lile. Tena Bukhari, katika Kitabu cha Wasia, ameweka mlango makhsusi wa kubainisha kwamba yatima hutumikishwa, safarini na mjini, iwapo kutumika huko kuna maslaha naye. Neno hili la maslaha ndilo ufunguo wa masala yote yafuatayo. Kazi ya mtoto hutazamwa kwanza kwa faida ya mtoto, kisha ndipo hutazamwa faida ya yule amtumikishaye.

Na katika Muwatta wa Imam Malik imepokewa hutuba ya Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.), aliyowakataza watu kumkalifisha mtoto mdogo kutafuta chumo, kwani asipopata ataiba. Tazameni jinsi Khalifa huyu alivyoona mbali! Mtoto hutolewa nyumbani alfajiri na sinia ya karanga kichwani, akaambiwa asirudi mpaka ziishe. Jua huchwa na karanga zimebaki, na nyumbani yamngoja fimbo. Huyo atafanya nini? Ataomba, na asipopewa atasema uwongo, na uwongo usipomfaa atanyosha mkono. Kisha baba yake humlaani kwa wizi ambao mlango wake aliufungua yeye.

MASHARTI YA KUMUAJIRI MTOTO

Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani hii, wameshurutisha katika ijara kwamba kazi ijulikane, ujira ujulikane, na muda ujulikane ikiwa kazi ni ya muda. Mfano wake u katika Sura ya Qasas, katika kisa cha Nabii Musa (a.s.) na mzee mwema wa Madyan: miaka ya kazi ilitajwa kuwa 8, na ziada ya kutimiza 10 ikaachwa kwa hiari ya Musa, na malipo yakajulikana tangu siku ya kwanza, na Mwenyiezi Mungu akafanywa shahidi. Basi ikiwa hivyo ndivyo alivyoajiriwa mtu mzima mwenye nguvu na uaminifu, mtoto asiyejua hesabu yampasa zaidi kubainishiwa.

Lakini mtoto asiyebaleghe hafungi mkataba mwenyewe. Kubaleghe ni kwa kuota, na kwa msichana ni kwa hedhi pia, au ni kwa kutimiza miaka 15 ya mwezi. Dalili ya miaka hii ni khabari ya Abdallah bin Umar (r.a.), aliyehudhurishwa mbele ya Mtume siku ya Uhud naye ana miaka 14, asikubaliwe kwenda vitani, akahudhurishwa siku ya Khandaq naye ana 15, akakubaliwa. Kabla ya hapo mwenye kumfungia mkataba ni walii wa mali yake: naye ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii, kisha kadhi. Katika Sura ya Baqara, aya ya 282, walii ameamrishwa asimamie maandiko ya mnyonge kwa uadilifu. Walii si mwenye mali. Ni mwenye amana.

Na kwa kuwa ni amana, mkono wake una mpaka. Akimuajirisha mtoto wa miaka 13 kwa muda wa miaka 5, mkataba wake hausihi kwa miaka inayopita kubaleghe kwake; siku atakapotimiza 15 amekuwa mwenye nafsi yake, na apendalo ndilo litakalofanywa. Vilevile hana ruhusa kumuajirisha kwa ujira ulio chini ya ule ulio desturi ya kazi hiyo. Mtu mzima akipenda kuuza shilingi kwa senti, hiyo ni mali yake. Walii akiuza shilingi ya mtoto kwa senti amefanya khiana.

KUNYAMAZA KWA MTOTO SI KUSAMEHE

Hapa ndipo penye masala ambayo wengi hawakuyasikia, nayo yamo katika vitabu vinavyosomeshwa kila siku misikitini.

Katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), imetajwa masala ya mtu aliyempa mfuaji nguo yake aifue, naye akaifua, wala hapana katika wawili hao aliyetaja ujira. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba mfuaji hana kitu, kwa sababu amejitolea nguvu zake bila ya kushurutisha malipo. Hiyo ni hukumu nzito kwa wafanyao kazi, na ndiyo maana Muislamu huhimizwa kutaja ujira kabla ya kuinua jembe. Walakini wenye kuishereheshea Minhaj wamebainisha kwamba hukumu hii ni ya mtu mwenye uwezo wa kutoa mali yake bure. Ama yule aliyezuiliwa na Sharia kutoa mali yake, naye ni kama mtoto mdogo, huyo hustahiki ujira wake hata kama haukutajwa. Kwani hawezi kutoa sadaka fedha iliyo mkononi mwake. Basi vipi atoe sadaka jasho la mwili wake?

Na tafauti iliyopo hapa ni kubwa. Mtu mzima akinyamaza huenda akapoteza haki yake. Mtoto akinyamaza haki yake yabaki pale pale. Sharia imemnyang'anya mtoto ulimi wa kusamehe ili isipatikane njia ya kumhadaa. Anayesema, "Mbona alifanya kwa radhi yake, wala hakutaka kitu?" ameleta hoja isiyomfaa, kwa kuwa radhi ya mtoto katika kutoa mali si radhi.

Wala hili si la madhehebu moja tu. Katika Majalla, kitabu cha hukumu kilichotungwa na wanazuoni wa Kihanafi wa dola ya Uthmaniya baina ya mwaka 1869 na 1876, imeandikwa kwamba mtu akimtumikisha mtoto bila ya idhini ya walii wake, mtoto huyo akibaleghe hupokea ujira wa mfano kwa muda wote aliotumika. Na akifa, warithi wake huudai.

KIASI CHA UJIRA

Akisema msemaji: "Ikiwa ujira haukutajwa, utajulikanaje?" Huambiwa: utajulikana kwa ujira wa mfano, nao ni ule ambao watu wa kazi hiyo, katika mji huo na wakati huo, hulipwa kwa kazi iliyo mfano wake. Mizani yake ni kazi iliyofanyika, wala si urefu wa aliyeifanya.

Mathalan, katika msimu wa karafuu Unguja na Pemba, desturi ya tangu zamani ni kuwalipa wachumaji kwa pishi. Mtu mzima apanda juu ya mkarafuu akachuma pishi 10, na mtoto achuma matawi ya chini akapata pishi 4. Haki ni kwamba mtoto alipwe pishi 4 kwa bei ile ile aliyolipwa mtu mzima. Mwenye shamba akimpa mtoto nusu ya bei kwa kila pishi, kwa kuwa ni mtoto, amwulize karafuu hizo atakazouza kesho, je, mnunuzi atampa nusu ya thamani kwa kuwa zilichumwa na mtoto? Na ikiwa pishi anayopimia ya watoto ni kubwa kuliko pishi ya watu wazima, basi huyo ni miongoni mwa wale waliotajwa mwanzo wa Sura ya Mutaffifin, watimizao wakipokea na wapunguzao wakitoa.

Na mfano wa baharini ni huu. Samaki wakishauzwa, fedha hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la nahodha, na mafungu ya mabaharia. Pengine mtoto amekwenda nao, ameteka maji ngamani, amevuta kamba, amechambua nyavu mpaka vidole vikachubuka. Chombo kikifika pwani, huyu hupewa samaki wawili watatu wa kitoweo, akaambiwa ampelekee mama yake. Kitoweo ni kitu chema, lakini si ujira ila ikiwa thamani yake yatimia thamani ya kazi. Ikiwa kazi yake ilikuwa nusu ya kazi ya baharia, haki yake ni nusu ya fungu. Kilichosalia katika mafungu ya wengine ni mali ya mtoto, nao wanaila.

Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Bwana Mtume (s.a.w.) amehadithia kutoka kwa Mola wake kwamba watu watatu, Mwenyiezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu yao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akavunja, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemuajiri mtu akaitimiza kazi kwake asimpe ujira. Tazameni jinsi mla ujira alivyopangwa safu moja na mwuza watu. Wala hapakusemwa katika hadithi hiyo kwamba aliyeajiriwa awe mkubwa.

UJIRA NI MALI YA NANI?

Ujira wa mtoto ni mali ya mtoto. Baba huupokea kwa kuwa ni walii, si kwa kuwa ni mwenyewe. Humlisha kwao, humvisha, humsomesha, na kinachobaki humwekea. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 6, walezi wa mayatima wamekatazwa kuila mali yao kwa fujo na kwa haraka kabla hawajakua. Tajiri katika walezi ameamrishwa kujizuia, na fakiri ameruhusiwa kula kwa wema. Na mali ikirudishwa kwa mwenyewe, washuhudishwe watu. Na katika aya ya 10 wenye kuila kwa dhulma wamekhubiriwa kwamba wanatia moto matumboni mwao.

Akisema baba: "Hayo ni ya yatima. Ama mimi ni hai, na imepokewa katika hadithi kwamba mtoto na mali yake ni vya baba yake." Huambiwa: hadithi hiyo imepokewa na Ibn Majah na wengineo, lakini jamhuri ya wanazuoni hawakuifahamu kuwa yamfanya baba mwenye kumiliki. Dalili yao ni aya ya 11 ya Sura ya Nisaa, ambamo baba amewekewa sudusi katika urithi wa mwanawe aliyefariki akiacha mtoto. Lau mali yote ya mtoto ingekuwa ya baba, angerithi vipi sehemu moja katika sita ya mali iliyo yake mwenyewe? Maana ya hadithi ni wema na kusaidiana. Baba fakiri hupewa matumizi katika mali ya mwanawe kwa kadiri ya haja. Lakini baba mwenye nguvu zake, akaaye barazani tangu asubuhi hata adhuhuri akicheza bao na kungoja mwanawe arudi na fedha ya kufua nazi, hakuruhusiwa na hadithi hii wala na nyingine.

MTOTO ALIYELETWA MJINI, MWANAGENZI, NA MWANAFUNZI WA CHUO

Wako watoto wa namna tatu ambao kazi yao hufichwa kwa majina mema.

Wa kwanza ni mtoto aliyetolewa shamba akaletwa mjini kwa jamaa. Mzazi wake huambiwa, "Nipe nimlee, nitamsomesha pamoja na wanangu." Akifika, wana wa nyumba huenda skuli naye hubaki akiteka maji, akifua, akipika na kumbeba mtoto mchanga. Yapita miaka 4, hajui kusoma wala hana senti. Huitwa mtoto wa nyumbani, na kwa hakika ni mtumishi asiyelipwa. Mwenye nyumba achague moja katika mawili: ama amfanye mwana kweli, ale wanachokula wanawe, alale walalapo, aende waendako, ama amfanye mtumishi, akubaliane na walii wake ujira maalumu, na amlipe. Kumtaka kazi ya mtumishi kwa malipo ya mwana, na kumpa heshima ya mtumishi kwa jina la mwana, ni kuzikusanya dhulma mbili katika nyumba moja.

Wa pili ni mwanagenzi aliyewekwa kwa seremala, au mshoni, au fundi wa chuma. Huyu mwanzoni hupewa elimu, na elimu ina thamani. Desturi za kale za pwani zilimjua fundi na haki zake, hata akapewa kilemba mwanagenzi alipohitimu. Majalla iliyotajwa imehukumu kwamba baba akimweka mwanawe kwa fundi bila ya kushurutisha ujira, kisha mmoja akamdai mwenziwe, hufuatwa desturi ya mji. Haya ni sawa maadamu mtoto anafunzwa. Lakini mtoto akikaa mwaka wa tatu, ameijua randa na msumeno, akafanya milango inayouzwa, naye bado aitwa mwanafunzi ili asilipwe, basi jina hilo limekwisha kazi yake. Kila mlango aufanyao una ujira ndani yake.

Wa tatu ni mwanafunzi wa chuo cha Qurani. Kumtumikia mwalimu ni katika adabu na baraka. Kumletea maji ya udhu, kumfagilia baraza, kumchukulia mzigo wake. Haya ni mambo madogo ambayo walii huridhia, na mtoto hupata malezi ndani yake. Ama kuwatoa watoto 20 kwenda kulima shamba la mwalimu siku nzima, na lauhi zimeanikwa ukutani, hiyo si khidma, ni kazi. Mwalimu ni wa kwanza kuijua aya ya ujira aliyoifasiri mwenyewe. Na wazazi nao yawapasa wamtimizie mwalimu haki yake ili asiitafute katika migongo ya watoto wao.

SHERIA ZA SERIKALI

Mambo haya leo yameandikwa pia katika sheria za nchi. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza kumuajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Na aliyefikia 14 hufanya kazi nyepesi tu isiyodhuru afya yake wala kumzuia skuli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetamka kwamba mtoto anayo haki ya kulipwa malipo yaliyo sawa na thamani ya kazi aliyoifanya. Ikahesabu kuwa ni unyonyaji kazi inayopita saa 6 kwa siku, na kazi ambayo mtoto halipwi ujira wa kutosha. Na ikakataza kumtumikisha usiku, tangu saa 2 ya usiku hata saa 12 ya asubuhi. Zanzibar ilitunga sheria yake ya watoto mwaka 2011. Na Kenya, katika kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010, kila mtoto amehifadhiwa na kazi ya hatari na ya unyonyaji.

Akisema msemaji: "Hizo ni sheria za serikali, na Muislamu ana Sharia yake." Huambiwa: ni lipi katika hayo linalopingana na Sharia? Malipo yaliyo sawa na thamani ya kazi ndiyo ujira wa mfano wenyewe. Kumzuilia mtoto kazi imuumizayo ndiyo maslaha. Kama sheria ya nchi imezidisha umri juu ya miaka 15 ya kubaleghe katika baadhi ya kazi za hatari, hilo ni katika mambo ambayo mtawala huamrisha kwa hifadhi ya watu, na amri yake ikiwa si ya maasi hutiiwa, kama ilivyokuja katika Sura ya Nisaa, aya ya 59. Lililo la kusikitisha ni kwamba mkaguzi wa kazi akija, Muislamu humficha mtoto nyuma ya ghala. Mkaguzi haoni nyuma ya ghala; naye mwenye ghala amesahau ni nani aonaye.

DENI HALIFI

Ujira usiolipwa ni deni, na deni halifi kwa kufa mwenyewe. Katika Sura ya Nisaa urithi umegawanywa baada ya wasia na deni. Basi akifa mwenye shamba, au nahodha, au mwenye duka, naye aliwatumikisha watoto bila ya kuwalipa, warithi hawana ruhusa kugawana mpaka ujira huo utolewe. Wakigawana, wamekula mali ya mtoto mara ya pili. Na imepokewa na Bukhari kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari 3 asiyeacha kitu cha kulipia, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada (r.a.) akalichukua deni lile juu yake. Dinari 3 tu! Naye aliyekufa akidaiwa ujira wa watoto 5 wa misimu 7, nani atasimama amchukulie?

Njia ya kutoka ni nyepesi kwa aliye hai. Ahesabu ni watoto gani aliowatumikisha na kwa muda gani. Awaulize watu wawili waadilifu wanaoijua kazi hiyo, ujira wake ni kiasi gani. Ikiwa mtoto bado ni mdogo, fedha apewe walii wake mbele ya mashahidi. Walii akiwa mwenye kuila mali ya mtoto, jambo hilo lipelekwe kwa kadhi. Ikiwa amekwisha kuwa mtu mzima, apewe mwenyewe, na hapo ndipo awezapo kusamehe akipenda; lakini asiombwe msamaha mbele za watu ili aone haya kukataa. Ikiwa amekufa, wapewe warithi wake. Ikiwa mahali alipo hapajulikani, atafutwe. Na wakikata tamaa ya kumpata, fedha apelekewe kadhi. Ama chakula na nguo alizopewa mtoto katika muda ule, ikiwa pana mzozo wa kuzihesabu, kadhi ndiye mwenye kuhukumu. Asijihukumie mtu mwenyewe katika deni lake mwenyewe.

Na katika hadithi ya watu watatu waliofungiwa na jabali ndani ya pango, waliyoipokea Bukhari na Muslim, mmoja wao alikuwa ameajiri wafanya kazi akawalipa wote ila mmoja, aliyekwenda zake akaacha ujira wake. Bwana yule hakuula. Aliufanyia kazi ukazaa, hata alipokuja mwenyewe baada ya muda akaonyeshwa ngamia na ng'ombe na mbuzi na watumwa, akaambiwa kwamba vyote vile vimetokana na ujira wake. Yule mtu akadhani anafanyiwa mzaha. Kisha akavichukua vyote, asibakishe kitu. Kwa amali hiyo bwana yule alimwomba Mola wake, na jiwe likaondoka, wakatoka wakienda.

Aliyeacha ujira wake katika kisa hicho alikuwa mtu mzima mwenye miguu ya kwenda na kurudi kudai. Mtoto hana hata hiyo. Basi kila Muislamu mwenye mtoto kazini mwake aufungue usiku wa leo mkoba wake, au daftari lake, au dhamiri yake, atazame kama mna humo ujira usiokuwa wake. Siku ya jiwe lake yaja, na hapo atataka awe na amali ya kuombea.

Mwenyiezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa miongoni mwa wenye kutimiza amana, awahifadhi watoto wao na dhulma ya karibu na ya mbali, na awape wazee wao khatima njema bila ya deni la mja shingoni. Amin.

Wallahu aalam, wa billahi ttaufiq.